Tiketi ya kwenda Ulaya wakati wa kiangazi ikatwe lini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa msafiri anayeanzia Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Mombasa, Entebbe, Kigali au Bujumbura, mwenye paspoti ya huku, anayetaka kufika Ulaya kati ya Juni na Septemba bila kumaliza akiba yake yote. Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya Mmarekani au Mjerumani asiyehitaji viza. Kwetu mambo mawili yanabadilisha hesabu nzima: viza, na ukweli kwamba kiangazi chao ndicho kipupwe chetu, msimu ambao watalii wanamiminika huku.

Nikate tiketi miezi mingapi kabla ya safari?

Kwa safari ya Juni hadi Agosti, anza kufuatilia bei kuanzia Desemba au Januari, na jipange kulipa kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Aprili. Kwa safari ya Septemba, bado ni wakati mzuri kulipa Mei na Juni.

Mashirika mengi ya ndege hufungua mauzo takriban miezi 11 kabla ya siku ya safari, na wapo wanaoamini kwamba anayewahi siku hiyo ya kwanza ndiye anayepata bei ya chini. Mara nyingi sivyo. Mwanzoni shirika huweka bei ya kawaida na kusubiri, kwa kuwa bado halijui ndege itajaa kwa kasi gani. Ofa huanza kuonekana baadaye, msimu ukianza kuchukua sura. Hatari kubwa iko upande wa pili, kwa anayesubiri hadi Juni akitegemea kwamba viti vitakavyobaki vitauzwa kwa bei ya kutupa. Kwenye njia za Afrika Mashariki na Ulaya hilo ni nadra katika miezi hii, maana kiti cha dakika za mwisho humngoja mfanyabiashara au mtu aliyepata msiba, ambaye atalipa bei yoyote.

Kwa nini jana kiti kilikuwa na bei moja na leo kina nyingine?

Kwa sababu viti vya daraja la kawaida, ingawa vinafanana, vimegawanywa katika makundi ya nauli, na kila kundi lina herufi yake na masharti yake. Kundi la chini kabisa linaweza kuwa na viti vichache tu. Vikiisha, mfumo unahamia kundi linalofuata, na bei inapanda hapohapo bila mtu yeyote ofisini kugusa kitu. Vilevile mtu akiacha nafasi aliyokuwa ameishikilia, kundi la chini linaweza kufunguka tena, na ndiyo maana bei hushuka ghafla usiku na kupanda asubuhi.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui. Nauli za chini huja na masharti ya muda: lazima ununue siku kadhaa kabla ya safari, ukae huko siku kadhaa, na usizidishe muda fulani. Safari ya siku nne inaweza kugharimu zaidi ya safari ya siku kumi kwa ndege zilezile.

Tarehe zipi ni nafuu zaidi?

Hili ndilo swali linalookoa fedha nyingi kuliko mengine yote, na ningependa ulisome polepole.

Fikiria umati unaelekea wapi. Mvua za masika zikiisha, kuanzia katikati ya Juni, watalii wanaanza kushuka kwa ajili ya Serengeti, Masai Mara, Mlima Kilimanjaro na fukwe za Zanzibar na Diani. Wakati huohuo ndugu zetu wanaoishi Ulaya wanaleta watoto nyumbani, kwa kuwa shule za huko zimefungwa. Ufaransa hufunga mwanzoni mwa Julai, sehemu kubwa ya Uingereza karibu na wiki ya tatu ya Julai, na Ujerumani kila jimbo lina ratiba yake, Bavaria ikiwa ya mwisho kabisa na likizo yake kufika katikati ya Septemba. Kwa hiyo ndege zinazokuja kusini hujaa mwishoni mwa Juni na Julai yote. Halafu umati huohuo unageuka: ndege zinazokwenda kaskazini hujaa katika nusu ya pili ya Agosti na siku za kwanza za Septemba, shule zinapokaribia kufunguliwa.

Wewe unaanzia huku, kwa hiyo unaweza kwenda kinyume na umati. Kuna nafasi tatu.

Ya kwanza ni kuondoka kati ya katikati ya Mei na wiki mbili za mwanzo za Juni, na kurudi kabla wimbi la kuja kusini halijakomaa. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu wa wiki mbili au tatu. Hali ya hewa ya Ulaya tayari ni nzuri, mchana ni mrefu hadi saa tatu au nne usiku, na joto la Roma na Athens bado linavumilika. Julai na Agosti Ulaya ya kusini hufikia nyuzi 40, na Athens imewahi kufunga magofu yake ya kale ya Acropolis saa za mchana kwa sababu ya joto. Anayekwenda Paris ajue pia kwamba Agosti maduka na migahawa mingi ya mitaani hufungwa wenyewe wakiwa likizo.

Ya pili ni ya mwenye muda mrefu, hasa mzazi anayekwenda kukaa na watoto wake: kuondoka mwanzoni mwa Julai na kurudi wiki ya mwisho ya Agosti. Safari zote mbili zinapita kinyume na umati. Ni kama wiki nane, ndani ya siku 90 ambazo viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, inaweza kuruhusu.

Ya tatu ni kuondoka katikati ya Septemba. Kiangazi kinamalizika lakini Hispania, Ureno, Italia na Ugiriki bado zina jua, na hoteli za pwani zinaanza kushusha bei. Epuka München ya Ujerumani tu, kwa sababu tamasha la bia la Oktoberfest huanza mwezi huohuo na vyumba hupanda vibaya.

Safari ngumu kuliko zote kwa mfuko ni ile ya kuondoka wiki ya tatu ya Agosti. Kama huna sababu ya harusi au masomo, isogeze.

Angalia pia mpaka wa msimu. Katika masharti ya nauli nyingi, msimu huamuliwa na tarehe ya kuondoka, si ya kurudi. Ukisogeza safari kutoka katikati ya Juni kuja nyuma siku tatu, unaweza kuangukia nauli ya msimu wa chini kwa tiketi nzima. Na siku za katikati ya wiki mara nyingi ni nafuu kuliko Ijumaa na Jumamosi.

Kipi kinatangulia, viza au tiketi?

Mpangilio wangu ni huu: chagua tarehe, omba viza, kisha lipa tiketi. Wengi huanza na viza bila kuangalia bei za tarehe walizoandika kwenye fomu, halafu wanapewa viza ya siku zilezile walizoomba na kujikuta wamefungwa kwenye wiki ghali kuliko zote.

Maombi ya viza ya Schengen yanaweza kupelekwa hadi miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15 lakini unaweza kufika siku 45. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Unahitaji bima ya safari ya angalau yuro 30,000, na paspoti yenye uhai wa miezi 3 zaidi ya siku utakayotoka Schengen.

Sasa piga hesabu. Ukitaka kuondoka Juni 10, dirisha la maombi linafunguka Desemba 10. Anayepeleka fomu Januari anapata miadi kwa urahisi na jibu linarudi kabla ya Machi, wakati nauli nzuri bado zipo. Anayesubiri Aprili anakuta miadi imejaa, anapata jibu mwishoni mwa Mei, na analipa nauli iliyobaki. Kwa maneno mengine, kwa sisi wenye kuhitaji viza, tiketi nafuu ya Juni hutafutwa Desemba kwenye dirisha la ubalozi.

Ubalozi unahitaji kuona mpango wa safari. Nafasi iliyoshikiliwa bila kulipiwa inatosha kwa kawaida, na balozi nyingi zenyewe hushauri usilipe tiketi kabla ya viza kutoka. Wakala wa tiketi aliyesajiliwa anaweza kukutengenezea nafasi hiyo. Epuka wanaouza karatasi za kubuni zisizo na namba ya kweli ya nafasi, kwa sababu ofisa anaweza kuikagua namba hiyo, na karatasi ya uongo inaharibu jina lako kwenye maombi yajayo pia.

Uingereza na Ireland haziko ndani ya Schengen, kila moja ina viza yake. Viza ya utalii ya Uingereza huombwa si zaidi ya miezi 3 kabla ya safari na jibu la kawaida huchukua kama wiki 3. Kwa hiyo anayekwenda London tu atalipa tiketi baadaye kidogo kuliko anayekwenda Berlin, na ni lazima abajeti hivyo.

Na kama viza ikichelewa huku bei inapanda?

Una njia mbili. Ya kwanza ni kushikilia nauli kwa ada: mashirika kama Emirates, Turkish Airlines na KLM yana huduma ya namna hiyo, kwa saa au siku kadhaa. Ya pili ni kununua nauli inayorudishwa au kubadilishwa, ambayo ni ghali zaidi, lakini tofauti yake lazima uilinganishe na hasara ya kupoteza tiketi nzima. Kabla ya kulipa, soma masharti ya kurudishiwa fedha mpaka uyaelewe: "inaweza kubadilishwa" si sawa na "fedha zinarudi", na kubadilisha bila faini bado kunakutaka ulipe tofauti ya nauli.

Ukinyimwa viza ukiwa na tiketi isiyorudishwa, dai angalau kodi za uwanja wa ndege. Mara nyingi ni fedha ambazo abiria aliyeshindwa kusafiri ana haki ya kurudishiwa, na wengi hawaziombi.

Ni kweli kwamba Jumanne usiku tiketi ni rahisi?

Hapana. Bei hubadilika kila siku na kila saa. Siku ya kusafiri ina uzito, siku ya kununua haina.

Je, tovuti inanipandishia bei kwa kuwa nimeangalia mara nyingi?

Hakuna ushahidi wa hilo. Kinachotokea ni kwamba kundi la viti vya chini limeisha, au bei uliyoiona ilikuwa ya zamani na haijasasishwa. Kufuta historia ya simu hakudhuru, lakini hakukupi nauli mpya.

Nitajuaje kama bei ninayoiona ni nzuri?

Tafuta sakafu yake kwanza. Chukua njia yako, tuseme Dar es Salaam hadi Amsterdam kwenda na kurudi, na uangalie bei ya tarehe ambazo hakuna anayezipenda, kama mwanzoni mwa Februari au Novemba. Hiyo ndiyo bei ya chini ambayo shirika liko tayari kuuza. Kisha linganisha na tarehe zako za Juni. Ikiwa bei ya Juni haijapita sakafu hiyo kwa zaidi ya robo, mimi ningelipa bila kusubiri. Ikiwa imefika mara mbili, badilisha tarehe au mji kabla ya kubadilisha shirika.

Google Flights ina kalenda inayoonyesha bei ya kila siku na huduma ya kukutumia barua pepe bei inapobadilika. Skyscanner ina kutafuta kwa mwezi mzima. Washa taarifa hizo Januari, kwa tarehe mbili au tatu tofauti, halafu acha zikufanyie kazi. Bei ukishaipata, ihakikishe kwenye tovuti ya shirika lenyewe.

Ndege ya moja kwa moja au ya kuunganisha?

Nairobi ina bahati ya kuwa na ndege za moja kwa moja nyingi: Kenya Airways kwenda London, Paris na Amsterdam, British Airways kwenda London, KLM, Air France na Lufthansa. KLM pia huhudumia Kilimanjaro na Dar es Salaam, na Brussels Airlines huenda Entebbe, Kigali na Bujumbura. Njia za kuunganisha ni nyingi zaidi: Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa, Turkish kupitia Istanbul, Qatar Airways kupitia Doha, Emirates kupitia Dubai, EgyptAir kupitia Cairo. Hapo ndipo ushindani ulipo na mara nyingi ndipo bei ya chini ilipo.

Anayetoka Dar es Salaam aangalie na bei ya kuanzia Nairobi, na wa Kampala vivyo hivyo, lakini aongeze gharama ya kufika huko, kulala, na hatari ya kuchelewa. Nauli ikipungua dola hamsini tu, haifai. Na kama utakata tiketi mbili tofauti zisizounganishwa, ujue kwamba ukichelewa ya kwanza, shirika la pili halina deni nawe. Juni 23, 2025, Qatar ilipofunga anga lake kwa saa kadhaa, abiria wengi walikwama njiani. Mwenye tiketi moja ya safari nzima alikuwa mikononi mwa shirika lake, ambalo lina wajibu wa kumtafutia njia nyingine. Mwenye vipande viwili alikuwa peke yake. Ndiyo maana nasisitiza tiketi moja, hata kama inazidi kidogo.

Kuhusu kupita tu uwanjani: mwenye paspoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo anahitaji viza ya transiti hata asipotoka nje ya uwanja wa nchi za Schengen. Uingereza nayo huwataka raia wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo viza ya transiti, isipokuwa wenye vibali maalumu. Tiketi nafuu ya kwenda Lisbon inayopita Heathrow inaweza kukugharimu viza ya pili.

Pia acha muda wa kutosha. Ukiingia Schengen kupitia Amsterdam kuelekea Roma, unapita uhamiaji Amsterdam, na tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa kuchukua alama za vidole na picha mpakani umekuwa ukiongeza foleni. Chini ya saa mbili usijaribu wakati wa kiangazi.

Niingilie mji gani?

Usiing'ang'anie London au Paris. Tafuta bei za Istanbul, Milano, Frankfurt, Brussels, Madrid na Vienna kwa tarehe zilezile, halafu ongeza treni au ndege ya ndani. Ryanair, easyJet na Wizz Air zinauza viti vya bei ndogo sana ndani ya Ulaya, lakini begi hulipiwa peke yake, na viwanja vyao wakati mwingine viko mbali na mji. Treni za mbali za Ujerumani na Ufaransa nazo ni nafuu kwa anayewahi, kwa hiyo zikate mara tu tiketi ya ndege ikishalipwa.

Kuingia mji mmoja na kutokea mwingine hakupandishi bei kama watu wanavyodhani, alimradi utafute kama safari ya miji mingi, usikate tiketi mbili za kwenda tu. Kuingia Amsterdam na kutokea Roma kunakuokolea siku nzima ya kurudi nyuma.

Jambo la Uingereza: serikali yake hutoza kodi abiria anayeondoka, na kwa umbali wa Nairobi au Dar es Salaam daraja la kawaida iliwekwa kuwa pauni 90 kuanzia Aprili 2025 na 102 kuanzia Aprili 2026. Watoto wa chini ya miaka 16 daraja la kawaida wamesamehewa. Kwa anayezunguka nchi kadhaa na mwenye viza zote, ni busara kuanza na London na kumalizia Ulaya bara.

Tuko familia ya watu watano. Kuna ujanja wowote?

Upo, na ni mzuri. Ukitafuta viti vitano na kundi la chini lina viti vitatu tu, mfumo huwauzia wote watano bei ya kundi la juu. Tafuta kwanza kiti kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, uone bei inaruka wapi. Ikiruka kwenye cha nne, kata vitatu kwa tiketi moja na viwili kwa nyingine, ndege ileile. Baada ya hapo piga simu shirika liziunganishe namba za tiketi hizo mbili kwenye kumbukumbu zao, ili ratiba ikibadilika msitenganishwe. Mtoto asiwe kwenye tiketi isiyo na mtu mzima.

Kwaya, timu au kikundi cha kanisa cha watu 10 na zaidi waombe nauli ya kikundi kupitia wakala. Si lazima iwe ya chini kuliko zote, lakini hutoa muda wa kukusanya michango na kuingiza majina baadaye.

Wakala au nijikatie mwenyewe?

Safari rahisi, jikatie kwenye tovuti ya shirika. Safari yenye viza, miji mingi, au mzee asiyejua kutumia simu, nenda kwa wakala unayeweza kumfuata ofisini. Wakala mzuri anashikilia nafasi hadi siku ya mwisho ya malipo, anakusomea masharti, na anapokea M-Pesa au malipo ya benki kwa asiye na kadi. Ada yake ni halali. Tovuti za nje zisizojulikana, zinazouza chini ya shirika kwa dola ishirini, ziache: ratiba ikibadilika, shirika litakurudisha kwao na wao hawatapokea simu.

Shilingi ikishuka inaniathiri?

Ndiyo. Nauli za kimataifa kutoka huku hupangwa kwa dola, hata unapoonyeshwa shilingi. Unayeweka akiba kwa miezi sita, weka sehemu kwa dola kama benki yako inaruhusu, au lipa mapema kidogo badala ya kubahatisha.

Nauli moja ni rahisi lakini haina begi. Niichukue?

Kwa safari ya kikazi ya siku tano, ndiyo. Kwa anayepeleka unga, dagaa wakavu, vitenge na zawadi za harusi, hapana. Mashirika mengine yanatoa mabegi mawili ya kilo 23 kwa njia za Afrika, mengine nauli yao ya chini haina begi hata moja la kupakia. Jumlisha begi kwenda na kurudi ndipo ulinganishe.

Ndege za watalii za Zanzibar na Mombasa zinabeba na sisi?

Nyingi zinabeba. Mashirika ya likizo kama Condor na Discover ya Ujerumani, Neos ya Italia na Edelweiss ya Uswisi yameleta watalii pwani kwa miaka kadhaa, na huuza pia kiti cha kwenda tu. Mwanzoni mwa msimu, ndege inayoshusha watalii inarudi kwao ikiwa na nafasi, na hapo bei ya kwenda kaskazini inaweza kuwa nzuri. Shida ni ratiba: huruka siku chache kwa wiki na hubadilika kila mwaka. Na mwenye viza ya utalii atatakiwa kuonyesha tiketi ya kurudi, kwa hiyo uwe na zote mbili kabla ya kufika uwanjani.

Niko Ulaya, nataka mama yangu aje kiangazi hiki. Nianzie wapi?

Anza na karatasi zako kabla ya za mama. Nchi nyingi zinakutaka utoe mwaliko au barua rasmi ya udhamini kutoka ofisi ya mji unaoishi, na miadi ya ofisi hizo nayo ina foleni. Ipate Desemba au Januari.

Kwa tiketi yake, usiangalie bei peke yake. Mama wa miaka 70 anayesafiri mara ya kwanza, asiyejua Kiingereza wala Kijerumani, asiachwe saa tisa usiku kwenye uwanja mkubwa kwa ajili ya kuokoa dola mia. Mkatie ndege ya moja kwa moja ikiwezekana, au ya kuunganisha mara moja tu na mchana. Omba msaada wa kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Ni bure, na hata anayetembea vizuri lakini asiyeweza mwendo mrefu ana haki nao: mhudumu atamwongoza kutoka mlango hadi mlango, pamoja na uhamiaji. Mwandikie kwa mkono anwani yako na namba ya simu, na mwambie aweke dawa zake kwenye begi la mkononi. Kwa tarehe, ile nafasi ya mwanzoni mwa Julai hadi mwisho wa Agosti inamfaa yeye hasa, kwa kuwa wajukuu wako likizo.

Ni Juni tayari na sijakata. Nimeshindwa?

Bado, lakini badilisha unachokitafuta. Kama una viza, tafuta kuondoka siku za katikati ya wiki, mji wowote mkubwa wa nchi unayokwenda, kituo kimoja cha kuunganisha. Kama huna viza, acha Julai na panga Septemba. Utasafiri kwa utulivu na kwa fedha kidogo.

Nisipotumia tiketi ya kwenda, ya kurudi inabaki?

Kwa kawaida hapana. Ukikosa kipande cha kwanza bila kutoa taarifa, shirika hufuta vyote vinavyofuata. Piga simu kabla ndege haijaondoka.

Nimeshalipa. Kuna kazi iliyobaki?

Hakikisha jina kwenye tiketi linafanana na paspoti herufi kwa herufi, na ulirekebishe siku hiyohiyo likikosewa. Kisha acha kuangalia bei, isipokuwa nauli yako inaruhusu kubadilisha bila hasara.

Ratiba ya kiangazi ya mashirika ya ndege huanza Jumapili ya mwisho ya Machi, na mabadiliko ya saa hutokea zaidi karibu na wakati huo. Kwa hiyo fungua tiketi yako mara moja kwa mwezi, kwenye tovuti ya shirika, na hasa mwanzoni mwa Aprili. Kama muda wa kuunganisha umekuwa mfupi mno au safari imesogezwa kwa saa nyingi, usibonyeze kitufe cha kukubali kwanza. Wapigie waombe ndege nyingine bila malipo. Shirika lililobadilisha ratiba kwa kiasi kikubwa kwa kawaida hukubali kukuhamisha au kukurudishia fedha, lakini ukishakubali mabadiliko kwa kubonyeza, umepoteza nguvu ya kudai.

Ukicheleweshwa ukiwa unatoka nchi ya Umoja wa Ulaya, au unakwenda huko kwa shirika la Umoja huo, Kanuni yake ya 261 ya mwaka 2004 inakulinda. Kwa umbali kama wetu fidia inaweza kufika yuro 600 ukifika umechelewa sana kwa kosa la shirika. Paspoti yako haina uzito hapo, wala bei uliyolipa. Tunza kadi ya kupandia ndege na risiti za chakula, na andika dai wewe mwenyewe kwenye tovuti ya shirika.